Kirilo wa Meru Ipi?

Siku hizi mwanafunzi wa Arusha akipewa kazi ya nyumbani ya historia, mahali pa kwanza anapokimbilia ni simu. Anaandika swali, akili unde inamjibu kwa sentensi zilizonyooka, naye ananakili. Mpwa wangu aliye kidato cha pili aliniletea daftari nimkagulie orodha ya watu mashuhuri wa Meru. Wa kwanza alikuwa Kirilo Japhet, nikafurahi kwamba jina hilo bado linatajwa. Wa pili alikuwa Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau. Wa tatu Jenerali Mrisho Sarakikya, Mkuu wa Majeshi wetu kuanzia 1964 hadi 1974. Wa nne Kiraitu Murungi, mwanasiasa. Hakuna aliyebuniwa katika orodha ile. Wote wanne ni watu wa kweli, na kila mmoja ni wa Meru kweli. Ila Meru zenyewe ni mbili, na ukitaka kutoka moja kwenda nyingine unavuka mpaka wa nchi na kukaa kwenye basi siku nzima.

Nimelieleza jambo hili kwa watu wazima kadhaa, na majibu yao yameangukia pande mbili. Wapo wanaosema mashine bado ni changa, tuipe muda itajifunza. Wapo wanaosema tatizo ni majina yetu, yamefanana mno, na dawa ni kuyabadili. Mimi naona pande zote mbili zimekosea mahali pa kuelekeza kidole. Mashine imekoroga kitu ambacho sisi tulikikoroga kabla yake. Kwa miaka mingi tumemwandika mtu kwa jina la mji au mkoa tu, tukaacha kijiji, tukaacha mwaka, tukaacha hata kusema pale mahali palikuwa chini ya utawala gani wakati ule. Kufanana kwa majina ya mahali ni jambo la kawaida na mara nyingi lina historia yake ya heshima. Kinachotupoteza ni kuliacha jina lisimame peke yake, kana kwamba linajieleza.

Tuanze na hizo Meru mbili, kwa sababu ndizo zinazoonyesha ukubwa wa hasara. Wameru wa kwetu wako kwenye miteremko ya Mlima Meru, na lugha yao, Kirwa, ni ndugu wa karibu wa lugha za Wachaga. Wameru wa Kenya wako kaskazini mashariki mwa Mlima Kenya, lugha yao iko karibu na Kikuyu na Kiembu, na mambo yao ya mila husimamiwa na baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke. Mama muuza ndizi wa soko la Tengeru hahitaji kuelezwa haya. Akisikia Nnko, Pallangyo, Mbise, Kaaya au Nassari anajua huyu ni wa huku; akisikia Mwiti, Kinoti au Kirimi anajua huyu katoka ng'ambo. Sikio hilo mashine haina. Mpwa wangu naye, aliyezaliwa na kukulia Sakina, mjini Arusha, hana, na sijui ni nani angempa ikiwa vitabu anavyosoma vinaandika "Meru" na kuishia hapo.

Sasa angalia kilichotokea katika hizo Meru mbili kwa wakati mmoja. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu takriban Wameru 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili ardhi ile wapewe walowezi wa Kizungu kwa ajili ya ufugaji. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alipanda ndege hadi New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza walivyotendewa watu wake. Mwaka huohuo wa 1952, mwezi Oktoba, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari, na vijana wa Meru ya kule waliingia msituni. Mwariama alikuwa mmoja wa viongozi wao, na alibaki msituni bila kukamatwa mpaka uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Kwa hiyo mtoto anayesoma haraka anakuta Meru na Meru, ardhi na ardhi, walowezi na walowezi, miaka ileile. Kila kitu kinalingana! Ndiyo maana kosa la aina hii halimshtui mtu. Uongo unaofanana na ukweli hupita mlangoni bila kuulizwa kitambulisho.

Lakini hebu jiulize: kwa nini mmoja alichukua karatasi na mwingine akachukua bunduki? Hapo ndipo mahali panapokuwa jambo zito kuliko pambo la wasifu. Tanganyika tangu 1946 ilikuwa nchi ya udhamini. Uingereza iliitawala kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na mtu wa Tanganyika alikuwa na haki ya kisheria ya kupeleka malalamiko yake New York. Kenya ilikuwa koloni la taji la Uingereza. Mtu wa Meru ya Kenya aliyenyang'anywa shamba hakuwa na mlango kama huo wa kubisha. Malalamiko yake yalirudi kwa yuleyule aliyemnyang'anya. Hivyo ukimtoa Kirilo kwenye Meru yake ukamweka kwenye nyingine, umefanya kitendo chake kisieleweke kabisa. Na ukimleta Mwariama huku kwetu, utamfanya aonekane mtu aliyekimbilia msitu wakati palikuwa na barua ya kuandika. Unamdhulumu kila mmoja kwa namna yake. Kirilo hakushinda kura. Azimio la kuwatetea Wameru lilipita kwenye kamati, lakini halikupata theluthi mbili kwenye Baraza Kuu. Hata hivyo alifungua njia. Machi 1955 Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, ilikuwa imeshapita zaidi ya miaka miwili tangu mtu wa Meru ya Arusha asimame katika Umoja wa Mataifa uleule. Hadithi ya uhuru wetu huanza kusimuliwa Julai 7, 1954, siku TANU ilipoanzishwa. Kirilo ni sura iliyotangulia, na sura hiyo inafutika kila mara jina "Meru" linapoachwa lielee.

Hapohapo Engare Nanyuki pana jambo jingine. Jina hilo ni la Kimaasai, na maana yake ni maji mekundu. Kenya kuna mji wa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wenye jina la asili hiyohiyo. Huku kwetu, katika Wilaya ya Siha, kuna Ngare Nairobi, maji baridi, jina lilelile lililozaa Nairobi. Wafugaji wa Kimaasai walizunguka nchi hii nzima kabla ya mtu kuchora mpaka. Kila walipofika kwenye kijito walikiita kwa kile mfugaji anachohitaji kukijua: maji ni mekundu au meupe, yana baridi au chumvi. Majina haya yamefanana kwa sababu ni kazi ya macho yaleyale. Anayeshauri tuyabadili anashauri tufute ushahidi wa maandishi pekee ambao watu wale walituachia, nao waliuandika juu ya ardhi yenyewe.

Jina la Arusha lenyewe lina habari ya namna hiyo. Msafiri akitajiwa Arusha anawaza Mnara wa Azimio, mahoteli, magari ya watalii na jengo la mikutano la AICC. Lakini kusini mwa Moshi, huko kwenye mashamba ya miwa ya TPC, kuna Arusha Chini, na hiyo ndiyo ya zamani zaidi. Kutoka huko, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watu walipanda kwenda miteremko ya Mlima Meru, wakalichukua jina lao pamoja na mifugo na mbegu zao, wakawa Waarusha tunaowajua. Watu wa misafara ya biashara walilazimika kusema Arusha Chini na Arusha Juu ili wasipotezane. Neno "Juu" limedondoka njiani kwa sababu mji ulikua, nao mji mkubwa hauoni sababu ya kujitofautisha na mtu. Lakini mtafiti anayesoma maandishi ya zamani na kukuta "Arusha" bila zaidi, akaamua kuwa ni hapa penye Mnara, anaweza kuwa amekosea kwa umbali wa safari ya siku kadhaa kwa miguu, na amewahamisha watu wote waliotajwa humo.

Moshi ndiyo iliyoumizwa zaidi na jambo hili, na naomba msomaji anivumilie nikikaa hapa kidogo. Wageni wa Kizungu wa miaka ya 1880 waliandika sana juu ya Moshi. Walimwandika Mangi Rindi, ambaye wengi wao walimwita Mandara, mtawala hodari wa siasa aliyewapokea, akawapima na kuwatumia kwa maslahi yake. Moshi waliyoiandika haikuwa mji wenye kituo cha mabasi na Barabara ya Boma. Ilikuwa mlimani, tunakokuita leo Old Moshi. Mji wa tambarare ulikuja na reli. Njia ya Usambara kutoka Tanga ilipofika chini ya mlima mwaka 1911, ofisi, maduka na jina viliteremka kuifuata, na mahali pa asili pakabaki na jina la kuazima, lenye neno la Kiingereza mbele yake, kana kwamba ndio wao waliohama. Joseph Merinyo, aliyeongoza KNPA, chama cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1925, ni mtu wa Old Moshi. Katika orodha nyingi ataandikwa "wa Moshi", na kijana atafikiri chama kile cha kahawa kiliongozwa na mtu wa mjini.

Kisha kuna Mangi Meli, mwana wa Rindi. Machi 2, 1900 Wajerumani walimnyonga huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Walionyongwa siku ile walikuwa 19, akiwemo Molelia wa Kibosho na Lobulu wa Meru. Meru ya hapa, ya Arusha. Kichwa cha Meli kinaaminika kukatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwa miaka mingi ukoo wake umekuwa ukikitafuta. Taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia, iliyoko Berlin, ilifanya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Septemba 2023 ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha watu walio hai Tanzania na mafuvu matatu. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa ngazi ya juu wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuwamo.

Nalitaja hili katika makala ya majina ya mahali kwa sababu linaonyesha kazi halisi ya mahali. Vipimo vya maabara haviwezi kuanza hewani. Ili umpate mtu wa kutoa mate au damu ya kulinganisha, lazima kwanza ujue umtafute kijiji gani, na ili ujue kijiji lazima usome karatasi iliyoambatana na mfupa. Karatasi ikisema "Moshi", je, ni Moshi ya mlimani, au ni kituo cha kijeshi ambako maiti za watu wa Kibosho, Meru na Arusha pia zilipita? Kila moja ya majibu hayo inakupeleka kwenye mlango wa ukoo mwingine. Wapo wazee waliozeeka wakisubiri mfupa wa babu yao, na safari ya mfupa huo kurudi inaweza kukwama kwenye neno moja lililoandikwa kwa haraka na karani wa Kijerumani zaidi ya miaka 120 iliyopita. Anayesema majina ya mahali ni suala dogo la wanafunzi na simu zao, aende akazungumze na koo hizo.

Na si wakoloni tu waliohamisha mambo. Sisi wenyewe tunachora mipaka kila baada ya miaka michache. John Stephen Akhwari, aliyemaliza mbio za marathoni za Mexico City mwaka 1968 akichechemea kwa goti lililofungwa bandeji, alizaliwa Mbulu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16 huko Christchurch mwaka 1974, alizaliwa Karatu. Katika ujana wao hao wawili walikuwa watoto wa nyanda zilezile, kwani Karatu ilikuwa sehemu ya Mbulu, na Mbulu ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, Mbulu ilikwenda Manyara na Karatu ikabaki Arusha. Leo mwandishi anayepanga mashujaa kwa mikoa atamweka Bayi huku na Akhwari kule, na msomaji hataona tena kwamba vipaji hivyo viwili vilitoka kwenye udongo mmoja na kwenye miinuko ya aina moja. Orodha zote mbili zitakuwa sahihi kwa ramani ya leo, lakini zitaficha jambo ambalo kocha yeyote wa riadha angetaka kulijua. Ndiyo maana nasema mwaka ni lazima uandamane na mahali. "Mbulu, Mkoa wa Arusha wakati huo" ni maneno sita tu, na hayo sita yanaokoa mengi.

Sasa nizipime hoja za wanaonipinga, nikianza na ile ninayoiheshimu zaidi. Wapo Watanzania, hasa wa rika la wazazi wangu, wanaoogopa mazungumzo yoyote yanayouliza mtu katoka wapi hasa. Wanasema nchi hii ilijengwa kwa makusudi ili swali hilo lisiwe na uzito, na kwamba ukianza kumwandika kila shujaa kwa kata na kijiji, hatua inayofuata ni kila kata kudai shujaa wake, na baada ya hapo kila kabila. Hofu hiyo si ya bure. Tumeona majirani walivyoungua, na Arusha imeona zaidi ya wengi, kwa maana ni hapa palipotiwa sahihi mkataba wa amani wa Rwanda Agosti 1993, ni hapa mahakama ya kimataifa ilipowahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari, na ni hapa Warundi walipotiliana sahihi Agosti 2000. Mtu aliyeishi katika mji huu miaka ile ana haki ya kushtuka akisikia neno "asili".

Hata hivyo nadhani hofu hiyo inachanganya mahali na kabila, na ni vitu viwili. Mfano bora ni Earle Seaton. Alikuwa mtu wa Bermuda, hakuwa na ukoo hata mmoja kwenye mlima huu, lakini ukiandika kwamba alikuwa wakili Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1950, unakuwa umemweka mahali pake kamili katika historia yetu. Unaelewa namna wakulima wa Meru walivyompata mtu anayejua sheria za kimataifa karibu nao. Mahali panamhusisha mtu na jirani zake, shule yake, soko lake, mto aliochota maji na mtawala aliyemtoza kodi. Hayo yote hushirikiwa na watu wa makabila mengi. Naona ukabila unapata nafasi kubwa zaidi pale mahali panapoachwa wazi, kwa sababu msomaji asiyeambiwa "Engare Nanyuki" hujaza pengo kwa kubahatisha, na kitu cha kwanza kubahatisha ni kabila kutokana na jina la ukoo.

Wanaosema tuisubiri mashine wana nusu ya ukweli. Programu hizi zinaboreshwa kila mwaka, na siku si nyingi zitatenganisha Meru na Meru bila shida, maana hizo mbili zimeandikwa vya kutosha, walau kwa Kiingereza. Tatizo ni yale ambayo hayajaandikwa na mtu yeyote. Mashine haiwezi kujua kwamba Arusha iliyotajwa kwenye simulizi ya mzee fulani ni Arusha Chini ikiwa hakuna aliyeiandika simulizi hiyo kwa namna hiyo. Itachukua jibu lenye kelele zaidi, na mji mkubwa ndio wenye kelele. Usa River ni mji wetu mdogo barabara ya kwenda Moshi. Mtu akiandika "Usa" kwa herufi kubwa zote katika fomu, jina lake linageuka kuwa Marekani. Aliyeijaza anajua alichomaanisha, lakini anayeipokea hana njia ya kujua. Kusubiri tu ni kukubali kwamba vijiji vyetu vitafafanuliwa na wasiovijua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kubadili majina, nayo ndiyo inayopigiwa makofi mikutanoni. Inasemekana tuipe Meru yetu jina jipya, Old Moshi irudishiwe jina la kipekee, na maeneo yanayofanana yaongezewe namba. Hoja hii inadhani kwamba kuna jina ambalo halina mwenzake duniani. Chukua Same, mji wetu wa Upare. Timor-Leste nako kuna mji uitwao Same, makao ya Manufahi. Dom Boaventura, mtawala wa Manufahi, aliongoza uasi dhidi ya Wareno mwaka 1911 na 1912, na moja ya sababu zake ilikuwa kupandishwa kwa kodi ya kichwa. Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same yetu kupinga mbiru, kodi ambayo serikali iliipanga kwa kukadiria mali ya kila mtu, na mwishowe kodi hiyo ikafutwa. Same mbili zilizotenganishwa na bahari nzima, watu wasiowahi kusikiana, wote wakigoma kwa ajili ya kodi! Nani alikopi kwa nani? Hakuna. Ni silabi mbili tu zilizokutana. Kuna Moshi nyingine pia, kitongoji cha Pimpri-Chinchwad karibu na Pune, India. Hata ukibadili kila jina la kaskazini mwa Tanzania leo asubuhi, jioni utakuta jina jipya nalo lina pacha mahali fulani.

Zaidi ya hapo, jina jipya halirudi nyuma. Nyaraka za Umoja wa Mataifa za mwaka 1952 zitaendelea kusema Meru. Maandishi ya Wajerumani yataendelea kusema Moshi. Ukiibadili Meru leo, mtoto wa mwaka 2060 atahitaji kujua majina mawili badala ya moja ili ampate Kirilo, na nina hakika hatampata. Tumeshaona jambo hili likitokea bila kukusudia: mji wa Moshi ulipochukua jina la mlimani, mlima ulipoteza wageni wake wote wa karne ya 19 kwa siku moja. Kurudia kosa hilo kwa makusudi itakuwa ni kulizidisha.

Mambo haya yana haraka kwa sababu mji huu unajiandaa kupokea wageni wa AFCON 2027, na uwanja unajengwa. Wageni hao watauliza simu zao watu waliotoka hapa ni akina nani. Watajibiwa kwa kile kilichopo. Wakati huohuo shule zetu zinaingiza akili unde darasani kwa kasi kuliko walimu wanavyoandaliwa, na mwalimu wa historia aliyezoea kusahihisha herufi na tarehe sasa anapaswa kusahihisha mahali. Ningependa kila kazi ya darasani inayomtaja mtu ijibu maswali matatu: kijiji au kata gani, mwaka gani, na chini ya mamlaka ipi wakati huo. Ningependa halmashauri za Arusha na Meru, zilizogawana jina la Arumeru, ziandike pamoja majina ya watu wao kabla wazee wanaojua hawajaondoka, kwa maana wengi wanaojua Engare Nanyuki ya mwaka 1951 sasa wamepita miaka themanini. Tulipoweka vibao vya anwani za makazi mwaka 2022 tuliipa mitaa namba na majina ili bodaboda asipotee. Kazi hii ni ndogo kuliko ile, haihitaji nguzo wala saruji.

Mpwa wangu aliirudia kazi yake. Nilimkatalia kufuta majina ya Wakenya wawili, kwa sababu hawakuwa na kosa. Akagawa ukurasa kwa rula, upande mmoja Meru ya Mlima Meru, upande wa pili Meru ya Mlima Kenya, akaweka mwaka mbele ya kila jina. Alipofika kwa Kirilo alisita, akaniuliza kama Engare Nanyuki bado ipo. Nikamwambia ipo, ni mwendo wa gari kutoka Usa River kupandisha kaskazini kupita mashariki ya mlima, na kwamba maji yake bado yana rangi ile. Tumekubaliana kwenda likizo ya Desemba, na kwenda na daftari.